Kampasi Safi Huanzia Nyuma ya Jiko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Vyuo vya Nakuru, Kisumu na Magharibi

Nimefanya kazi ya mabomba na matengenezo ya majengo chuoni kwa miaka mingi upande huu wa ziwa, na siku hizi huitwa na kamati za mazingira kuanzia Njoro hadi Bondo na Kakamega. Kila nikifika, mgeni hutembezwa mbele: bustani, mti uliopandwa na waziri, ukumbi mpya. Mimi huomba kupelekwa nyuma, kwenye jiko la mesi, kibanda cha jenereta, mabwawa ya maji taka na jaa. Huko ndiko chuo kinakochafulia, na huko ndiko pesa zinakopotelea. Maswali haya nimeulizwa na wanafunzi, wapishi, mafundi na wakuu wa idara. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu mambo yenyewe hayalingani kwa uzito.

Kila kikao kinaanza na sola. Je, sola ndiyo hatua ya kwanza?

Kwetu hapa, hapana. Katika nchi inayochoma makaa ya mawe ili ipate umeme, kila yuniti unayookoa hupunguza moshi mahali fulani. Kenya haiko hivyo. Karibu sehemu 9 kati ya 10 za umeme wa gridi hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke wenyewe uko Olkaria, ndani ya kaunti ya Nakuru, ambako kituo cha kwanza kilianza kuzalisha mwaka 1981. Maji ya Sondu Miriu yanazungusha mitambo ya megawati 60 Kisumu. Kwa hivyo taa ya darasani ikiwaka bure usiku inakula pesa za chuo, lakini moshi wake ni mdogo.

Sasa linganisha na jiko linalopikia maelfu ya watu kwa kuni mbichi, au jenereta inayonguruma kila stima zikipotea. Lita 1 ya dizeli ikichomwa hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, na jenereta hupata humo yuniti 3 hivi tu. Ndiyo sababu nasema jiko kwanza, mifereji pili, taka tatu, kisha sola ifuate.

Tunatumia kuni. Tunaweza kuzipunguza bila kununua jiko jipya?

Mnaweza, tena sana. Anzeni na unyevu. Mti uliokatwa jana una maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni, joto huanza kwa kuyachemsha maji yaliyo ndani ya ukuni kabla ya yale yaliyo ndani ya sufuria. Ule moshi mweupe mzito unaowatoa wapishi machozi ni dalili kwamba mnachoma maji. Kuni zilizopasuliwa, zikainuliwa kutoka ardhini na kukaa chini ya paa miezi 6 hivi huku upepo ukipita, hushuka hadi chini ya asilimia 20 ya unyevu. Kakamega au Kisii, kwa mvua ile, kuni zilizorundikwa nje hazikauki kamwe. Kibanda cha mabati kisicho na kuta ndicho mradi wa kwanza ninaoupendekeza kwa chuo chochote, na huwa naona nyuso zikisinyaa, maana watu walitarajia nitaje mtambo.

Lakini angalieni pia tenda. Chuo kikinunua kuni kwa tani, muuzaji hana sababu ya kuzikausha: maji yana uzito, na uzito ni pesa yake. Nunueni kwa mita za ujazo, miezi 6 kabla ya kuzihitaji, au andikeni kwenye tenda kiwango cha unyevu kinachokubalika. Kipima unyevu wa mbao ni kifaa kidogo kinachotoshea mfukoni.

Kisha maharagwe. Mahindi na maharagwe yakilowekwa usiku kucha, githeri huiva mapema sana. Wapishi wote wanalijua hili tangu nyumbani kwao, kwa hivyo msiende kuwafundisha. Waulizeni kwa nini hawaloweki. Katika jiko moja nililolihudumia, mama aliyekuwa mkuu wa zamu alinieleza kwamba nafaka hutolewa stoo saa 2 asubuhi, siku ileile ya kupikwa, kwa mujibu wa utaratibu wa ukaguzi. Kikwazo hakikuwa jiko, kilikuwa ufunguo wa stoo. Msimamizi wa stoo alipokubali kupima nafaka ya kesho saa 10 jioni, zamu ya alfajiri ilianza kuwasha moto saa 10 badala ya saa 8 usiku. Hakuna shilingi iliyotumika, na akina mama wale walipata saa 2 za usingizi.

Baada ya hapo ndipo muangalie jiko lenyewe: mifuniko iliyopotea, nyufa za ukuta wa matofali, mlango wa moto usiofunga, bomba la moshi lililojaa masizi. Mkiwa bado mnapikia mafiga, jiko sanifu la taasisi, ambalo sufuria imezama ndani ya ukuta na moshi unatoka kwa bomba, linaweza kupunguza kuni kwa nusu au zaidi.

Kwa nini tusihamie gesi moja kwa moja?

Gesi ya mtungi hutokana na mafuta ya petroli, haioti tena. Hata hivyo siikatai, kwa sababu ya mapafu ya wapishi. Mtu anayesimama ndani ya moshi saa 8 kwa siku kwa miaka 20 analipa gharama ambayo haimo kwenye hesabu ya chuo. Maoni yangu ni haya: chai, uji, mayai na vya kukaanga vipikwe kwa gesi au umeme, githeri na maharagwe, vinavyokaa motoni muda mrefu, vibaki kwenye jiko sanifu la kuni kavu kutoka shamba la miti la chuo chenyewe, ikiwa chuo kina ardhi ya kutosha kupanda kiasi kinachokata. Chuo kilicho katikati ya Kisumu bila shamba kisidanganyike. Kuni zake zinatoka msitu wa mtu mwingine.

Sufuria za umeme za presha pia zinastahili kujaribiwa. Maharagwe humaliza chini ya saa 1 humo, na umeme wetu, kama nilivyosema, ni safi.

Tuna ng'ombe. Bayogesi itatosha mesi?

Piga hesabu kabla ya kuchimba shimo. Ng'ombe 50 wanaolala zizini, mkikusanya kilo 12 za samadi kutoka kwa kila mmoja, ni kilo 600 kwa siku. Hizo hutoa gesi kama mita 20 za ujazo, ambazo kwa nguvu ya kupikia zinakaribia kilo 9 za gesi ya mtungi. Yaani hata ule mtungi wa kilo 13 haujajaa. Mesi ya maelfu haipikwi na hiyo. Lakini chai ya wafanyakazi na kantini ndogo zitapikwa vizuri, na tope linalobaki ni mbolea bora kwa shamba la sukuma wiki.

Mitambo mingi niliyoiona imekufa, na si kwa ubovu wa teknolojia. Hakuna aliyeajiriwa kuilisha likizo ya Desemba. Mtambo wa bayogesi ni kama ng'ombe: unakula kila siku, hata siku ya Krismasi.

Wanafunzi wanapikia koili hosteli. Tuzipige marufuku?

Zimepigwa marufuku tangu nikiwa kijana, na zipo. Koili moja ni wati 1,000 hadi 2,000. Hosteli ya wanafunzi 300, hata 200 tu wakiwasha saa 1 jioni, ni kilowati 200 au zaidi kwa pamoja, juu ya nyaya zilizowekewa taa na redio. Ndiyo maana transfoma inaanguka na soketi zinayeyuka. Hatari ya moto ni ya kweli, nimezitoa soketi zilizoungua kwa mikono yangu.

Makomredi hawapiki kwa ukaidi. Wanapika kwa sababu pesa za sahani 1 ya mesi zinanunua unga wa siku 2. Jengeni chumba cha kupikia kila ghorofa, chenye nyaya nene, majiko ya umeme yenye sahani na mita ya tokeni ambayo wanafunzi wenyewe wananunua. Mtu akilipia yuniti anazotumia, hutaona sufuria inachemka bila mfuniko.

Basi sola inafaa wakati gani?

Inafaa pale matumizi yenu makubwa yakiwa mchana: maabara, kompyuta, pampu ya kisima, ofisi. Kisumu na viunga vyake, paneli za kilowati 1 huzalisha kama yuniti 4 kwa siku. Pampu ya maji ndiyo mwanzo mzuri kuliko yote, kwa kuwa tangi ndilo betri yenu: jua likiwaka maji yanapanda, usiku yanashuka yenyewe. Pia pale jenereta inapofanya kazi mara kwa mara, sola inalipa haraka kwa kuokoa dizeli.

Mfano wa nchini upo. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Sheria ya Kawi ya 2019 inaruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa kwenye bili yake. Jambo hili lina maana kubwa kwa chuo, maana Desemba paneli zinazalisha na madarasa ni matupu.

Nawasihi jambo moja: kwenye tenda ya sola wekeni gharama ya kusafisha paneli na kubadilisha inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli ufae kwa majengo. Vumbi la Nakuru halina huruma.

Je, sheria inatulazimisha kukagua matumizi ya umeme?

Ndiyo, mkitumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka, wastani wa 15,000 kwa mwezi. Kanuni za usimamizi wa kawi za mwaka 2012 zinataka ukaguzi kila miaka 3 na mkaguzi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi nchini. Kampasi kuu nyingi zinavuka kiwango hicho. Mwulizeni mhandisi wa chuo ripoti ya mwisho iko wapi. Mara nyingi ipo, imefungiwa kabati, na mapendekezo yake hayajaguswa.

Sisi maji hayaji hata siku 3 kwa wiki. Mnatuambia tuokoe maji yapi?

Nalielewa swali hili kwa uchungu wake. Mwanafunzi aliyebeba ndoo hadi ghorofa ya 4 hahitaji bango la "Okoa maji". Anayepoteza maji si yeye, ni bomba.

Fanyeni kipimo cha usiku. Jazeni matangi yote ya juu jioni, la sivyo mtapima maji yanayojaza tangi. Saa 8 usiku someni mita kuu, saa 10 alfajiri someni tena. Watu wengi wamelala. Mita ikisogea lita 4,000 ndani ya saa hizo 2, basi mnapoteza karibu lita 2,000 kila saa, lita 48,000 kwa siku. Kisha fungeni vali za hosteli moja baada ya nyingine hadi mita itulie. Mliyofunga mwisho ndiyo yenye jeraha. Kwenye kampasi moja tulilipata bomba lililopasuka kwa kuangalia nyasi: ilikuwa Januari, kila mahali pamekauka, na kando ya njia ya hosteli kulikuwa na ukanda wa kijani wa mita 10. Watu walikuwa wakipasifia kwa uzuri wake.

Chooni, mimina rangi ya chakula kwenye tangi la kuvutia maji na usivute. Ukirudi baada ya nusu saa ukaikuta rangi ndani ya bakuli, mpira wa chini umekwisha. Choo kimoja cha aina hiyo kinaweza kumeza mamia ya lita kwa siku kimyakimya, na mpira wake ni wa bei ndogo sana. Matangi ya zamani huvuta lita 9 au zaidi kila mara. Ya vitufe viwili huvuta lita 3 au 6.

Na mvua je? Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kisumu hupata kama milimita 1,300 kwa mwaka. Paa la mita 1,000 za mraba, hata tukitoa sehemu ya 5 kwa hasara, hukusanya kama lita milioni 1 kwa mwaka. Hesabu hii huwashangaza wakuu wa vyuo kila mara, ilhali mabati yapo tayari. Yanayokosekana ni mabomba ya ukingoni na matangi.

Kwa vyuo vya Nakuru mvua ina faida nyingine. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na watoto wanaokunywa maji hayo hupata meno ya rangi ya kahawia. Kiasi kikizidi, hata mifupa huumia. Kiwango kinachokubalika Kenya ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya mvua hayana floraidi ya miamba, kwa hivyo yatengeni kwa kunywa na kupikia, ya kisima yaoshe na kuvuta choo. Ikiwa kisima ndicho tegemeo pekee, vichujio vya makaa ya mifupa ya ng'ombe vimetumika miaka mingi Nakuru kupitia mpango wa maji wa dayosisi ya Kikatoliki.

Maji taka yetu yanaenda wapi, na yanamdhuru nani?

Fuateni mteremko. Mto Njoro unatoka Mau, unapita kando ya Chuo Kikuu cha Egerton na kuishia Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kutokea. Chochote kinachoingia humo kinabaki humo, kwenye ziwa lililotambuliwa mwaka 1990 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Upande wa Kisumu, Ghuba ya Winam ina kina kifupi na hupumua kupitia mlango mwembamba karibu na Rusinga. Fosforasi ya sabuni na nitrojeni ya vyoo ndizo chakula cha gugu maji, ambalo limewatesa wavuvi wetu tangu miaka ya 1990. Kila mtu wa Dunga, ufuo wa wavuvi pale Kisumu, anaweza kukueleza maana ya kushindwa kutoa mtumbwi.

Mabwawa ya kusafishia hufanya kazi kwa jua, mwani na muda, bila umeme. Lakini bwawa likijaa tope, maji yanapita mbio kabla ya kusafika, na mnachomwaga mtoni ni maji taka yenye harufu hafifu. Pimeni kina cha tope kila mwaka kwa mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe. Mafunjo na matete yaliyopandwa kwenye bwawa la mwisho husaidia kunyonya mabaki ya virutubisho, mradi yakatwe na kuondolewa. Yakiozea humo yanarudisha kila kitu.

Tuliweka mapipa ya rangi 3, na bado kila kitu kimechanganyika. Wanafunzi hawana nidhamu?

Fuatilieni lori kwanza. Nimeona zaidi ya mara moja mapipa 3 yaliyotenganishwa vizuri yakimwagwa ndani ya trela moja mbele ya wanafunzi. Mtu akiona hivyo siku moja hatatenganisha tena, na mimi simlaumu.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka taasisi zote, za umma na za kibinafsi, kutenganisha taka zinazooza na zisizooza. Anzeni hapo, makundi 2, na anzeni jikoni badala ya njiani, kwa sababu uzito wa taka za chuo uko kwenye maganda na mabaki ya chakula. Yakitengwa jikoni, safi bila plastiki, yana wateja wa papo hapo: wafugaji wa nguruwe, shamba la chuo, shimo la mboji. Hata yale yanayobaki yanaweza kulisha funza wa nzi-askari mweusi, ambao hukaushwa na kuwa chakula cha kuku na samaki chenye protini nyingi. Ujuzi huo tunao hapahapa: Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, Bondo, kina kituo kizima cha kuchunguza wadudu kama chakula cha watu na cha mifugo. Kwa kanda inayofuga samaki kwenye vizimba ziwani, naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko linavyopewa nafasi.

Chupa za plastiki zipewe vikundi vya vijana vinavyokusanya. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo ikionekana jaani, swali ni nani aliyeileta. Na msichome taka nyuma ya hosteli. Moshi wa plastiki una sumu, na unaingia madirishani.

Kila mgeni anapanda mti. Mbona kampasi haina kivuli?

Kwa sababu kupanda ni kwa siku moja na kumwagilia ni kwa viangazi 2. Serikali ilizindua Desemba 2022 mpango wa miti bilioni 15 hadi 2032, na vyuo vimeitikia, lakini naomba mhesabu miti iliyo hai baada ya miaka 2, si mashimo yaliyochimbwa.

Aina nayo ina uzito. Mkaratusi hukua upesi na unafaa shamba la kuni mbali na maji. Kando ya mto hunywa kupita kiasi. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito ing'olewe. Kwa kivuli na ndege, tafuteni miti ya kwetu: siala, ambayo Waluhya huiita lusiola, hukua vizuri kuanzia Maseno hadi Kakamega, mutere na mwiritsa ni ya Msitu wa Kakamega, ng'owo hupenda ukingo wa maji. Njoro na Molo, kwenye baridi, pandeni mutarakwa na mutamaiyu. Waulizeni wazee wanaoishi kuzunguka kampasi ni mti gani ulikuwa pale kabla ya ua kujengwa. Huwa wanakumbuka.

Tunajenga jengo jipya Kisumu. Tuweke viyoyozi?

Kabla ya viyoyozi, geuzeni ramani. Tuko juu ya ikweta, jua linachomoza mashariki, linapita juu ya paa na kutua magharibi. Kuta za kaskazini na kusini hupata jua kidogo. Jengo refu lielekezwe mashariki hadi magharibi, madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini, kuta za pande mbili za mwisho ziwe na madirisha machache au zisiwe nayo. Paa litokeze nje vya kutosha, dari iwepo chini ya mabati, na madirisha ya pande mbili yatazamane ili upepo wa ziwa upite mchana. Vioo vya mbele kuanzia chini hadi juu, vinavyopendwa siku hizi, ni oveni. Majengo ya zamani ya wamisionari yenye veranda pana yalilijua hili bila kompyuta.

Na usafiri?

Magari ya chuo ni machache, kwa hivyo msitumie nguvu nyingi hapa. Wekeni njia ya miguu yenye kivuli na taa kutoka stendi hadi lango, maegesho ya baiskeli yenye paa na mlinzi, na zungumzeni na chama cha bodaboda cha langoni kuhusu pikipiki za umeme. Wanaojua hesabu ya petroli kuliko profesa yeyote ni wao.

Karatasi je?

Chapisheni pande zote mbili na pokeeni kazi za wanafunzi mtandaoni pale intaneti inaporuhusu. Inatosha.

Kompyuta mbovu, mirija ya taa na kemikali za maabara tuzifanyeje?

Msizitupe jaani kamwe. Mirija ya zamani ina zebaki, skrini za zamani zina risasi, na chupa za maabara zisizo na lebo ni hatari kwa mfagiaji ambaye hata glavu hana. Tengeni chumba kimoja chenye kufuli, andikeni kila kinachoingia, na mpeni mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Mali ya chuo cha umma ina utaratibu wake wa kufutwa vitabuni, nao ni mrefu, basi anzeni mapema kabla chumba hakijajaa.

Chuo kina madeni. Pesa zitoke wapi?

Zitoke kwenye bili zenyewe. Kila mtu anajua hali ya vyuo vya umma, kwa hivyo msiandike pendekezo la mamilioni. Mwaka wa kwanza fanyeni yasiyo na gharama: kuloweka nafaka, kipimo cha usiku, mipira ya vyoo, mifuniko. Pimeni bili za miezi 12 kabla na 12 baada.

Kisha pigania jambo hili moja hadi lipite kwenye baraza la chuo: nusu ya kilichookolewa iwekwe akaunti yake, itumike kwa hatua inayofuata. Nimeshuhudia kamati iliyopunguza bili ya maji kwa juhudi kubwa, kisha akiba yote ikamezwa na matumizi ya kawaida, wala fundi hakuambiwa hata asante. Mwaka uliofuata hakuna aliyeamka saa 8 usiku kusoma mita. Sehemu ndogo ya akiba iwarudie wapishi na mafundi pia, iwe buti, glavu, au chakula cha zamu.

Mimi ni mwanafunzi. Nina haki ya kuuliza takwimu hizi?

Unayo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 35 kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, taasisi ya umma inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Andika barua fupi, ya heshima, ukitaja unachotaka hasa: bili za maji za miezi 12, tani za kuni, lita za dizeli. Lakini kabla ya barua, nenda ukamsalimie mhandisi wa chuo. Wengi wana hizo namba kwenye daftari na hawajawahi kuulizwa na mtu.

Tunaenda kuzuru chuo kinachosifiwa kwa mazingira. Tuangalie nini?

Mkimaliza kutembezwa bustani, ombeni kwenda nyuma. Angalieni rangi ya moshi bombani: ukiwa mwembamba, kuni ni kavu. Angalieni kama kuni ziko chini ya paa. Shikeni ardhi chini ya mifereji ya hosteli kama ni kavu. Tazameni jaa kama lina alama za moto. Mwulizeni mlinzi wa jenereta iliwaka kwa jumla ya saa ngapi wiki iliyopita, naye atawaonyesha daftari. Halafu ingieni jikoni, msalimieni mpishi wa zamu, na mwulizeni maharagwe ya leo yamelowekwa saa ngapi.